Plagi Husomwa Katikati ya Ziwa

Asubuhi ile niliyotoka nyumbani, jirani na Bujora, naikumbuka kuliko hata siku niliyooa. Hapakuwa na ugomvi wowote. Mama alikuwa uani anapepeta mtama, akaniona na begi begani.

"Masalu, unakwenda wapi?"

"Hata sijui, mama."

Akaendelea kupepeta. Alikwishanizoea. Tangu nilipoacha shule nikiwa darasa la sita, mwanangu, miguu yangu haikujua kutulia. Nilikuwa nimekaa Geita, nimekaa Magu, nimekaa Shinyanga, kila mahali miezi miwili mitatu, nikiangalia watu wanavyotengeneza vitu. Nikishaelewa kitu kinavyofanya kazi, naondoka. Hivyo nilijua kidogo cha kila kitu, na hakuna nilichokijua mpaka mwisho wake.

Lori la nyanya lilinibeba kuelekea mjini. Sikupanga kushuka Nyakato. Kilichonishusha ni mlio. Ulikuwa mkali na mwembamba, kama nyigu aliyefungiwa ndani ya debe, ukipanda, ukipanda, halafu ukakatika ghafla. Nilijua mlio wa lori, wa mashine ya kusaga, wa jenereta, wa pikipiki. Huo sikuujua. Nikagonga bodi la lori, nikaruka, nikaufuata kama mbwa anavyofuata harufu ya nyama.

Uliniongoza kwenye karakana ya mabati nyuma ya kiwanda kimoja. Ndani palijaa injini za mitumbwi zimening'inizwa mstari kama mizoga buchani. Katikati, juu ya matairi mawili, kulikuwa na chombo cha bluu kilichopauka, kirefu kama jeneza la mtoto wa mfalme, kimeunganishwa na mpira wa maji kutoka bombani. Mzee mfupi mwenye ovaroli alikuwa ameinama juu yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Simama mbali na petroli."

"Samahani. Hicho ni nini?"

"Wewe unaona nini?"

"Naona injini ya pikipiki imelala ndani ya mtumbwi."

Akainua uso. Pembeni, dada mmoja aliyekuwa anasuuza kabureta akaanza kucheka. "Baba, huyu amekaribia kuliko wote waliopita leo. Wa asubuhi alisema ni friji."

Mzee yule ndiye Mzee Magesa, Mjita, fundi wa injini za boti, na yule dada alikuwa Nyangeta, binti yake. Chombo chenyewe kilikuwa pikipiki ya maji ya aina ya zamani, isiyo na kiti. Mwendeshaji husimama nyuma kwenye kijukwaa, ameshika usukani ulioko kwenye mkono mrefu unaoinuka na kushuka. Mgeni mmoja aliyekuwa akifanya kazi mjini aliondoka akaiacha imeoza, naye Mzee Magesa akaiokota. Sasa alikuwa na nia moja tu: kuiingiza kwenye mashindano ya sikukuu kule Igombe, ambako vijana wenye uwezo walileta pikipiki mpya, kubwa, zenye viti kama makochi.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikufika hata siku ya pili. Jioni ile ile nilipewa tupa.

Mwanangu, kama hujawahi kufungua injini ukaiuliza maswali, kuna raha moja duniani hujaionja! Tulianza na silinda hedi, kile kifuniko kinachokaa juu ya pistoni. Mzee aliifunga kwenye mashine ya kukereza, akapunguza uso wake unene wa kucha, halafu akanipa nimalizie kwa msasa juu ya kioo, nikizungusha kwa umbo la namba nane mpaka pakang'aa nikaona meno yangu. "Chumba cha moto kikiwa kidogo," aliniambia, "mlipuko unakasirika zaidi." Tukachukua lile gurudumu zito linalozunguka mbele ya injini, tukalipunguza uzito ili injini ipande haraka. Tukapanua kwa tupa matundu ya kutolea moshi, unywele kwa unywele, Nyangeta akipima kwa kipande cha kadi alichokikata mwenyewe. Tukaunda bomba la moshi upya mara tatu. La kwanza lilikoroma, la pili lilipiga kelele bila nguvu. La tatu, lilipowashwa, kuku wa jirani walipanda juu ya bati wakagoma kushuka.

Kila siku nilikuwa naamka kabla ya jogoo. Nilikuwa nalala juu ya magunia kati ya zile injini zinazoning'inia, nanuka oili mpaka kwenye mswaki, na sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nyuma ya karakana kulikuwa na chumba kimoja kilichofungwa kufuli. Nilikiulizia, unajua tena mimi na maswali yangu.

"Hicho ni cha fundi wa karakana hii," Mzee Magesa akasema. "Kwa sasa hakina mtu. Vijana wengi wamepita hapa, Masalu. Wote walikuwa na mikono mizuri. Mikono si kitu. Siku ya mashindano itaniambia wewe ni wa kupewa ufunguo au ni wa kupewa nauli."

Nilikuwa nimeondoka sehemu nyingi kwa hiari yangu. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuogopa kuondolewa.

Sasa nikueleze kuhusu plagi, kile kidude kinachotoa cheche ya kuwasha moto ndani ya silinda, maana humo ndimo nilimoteleza. Injini ya namna ile inachanganyiwa petroli na hewa ndani ya kabureta. Petroli ikizidi, inakohoa. Hewa ikizidi, inakimbia vizuri sana, tena vizuri mno, huku inaungua ndani kwa ndani, na ukishapunguza silinda hedi kama tulivyofanya sisi, kuungua huko ni kwa haraka. Pistoni inayeyuka, inakamata, injini inasimama ghafla katika mwendo mkubwa na aliyesimama juu yake anaruka kama jiwe la manati. Utajuaje kabla ya hapo? Unaisoma plagi. Nyeusi yenye unyevu, petroli imezidi. Nyeupe kama chaki, unaungua. Kahawia kama ganda la karanga iliyokaangwa, shukuru Mungu.

Lakini plagi, mwanangu, husema habari ya mwisho tu. Ukikimbia kwa nguvu zote halafu ukarudi polepole, itakuonyesha rangi ya polepole. Kwa hiyo Mzee Magesa alikuwa na sheria moja isiyopindwa. Unakwenda katikati ya ziwa, unabinya mafuta mpaka mwisho, unaendelea hivyo, halafu unazima hapo hapo, katika kasi ile ile. Huwashi tena. Unatoa plagi ukiwa majini, unazitazama, na unarudi umevutwa na mtumbwi wa kasia.

"Hata kama umbali ni hatua mia?" nilimuuliza.

"Hata kama ni hatua kumi."

Siku ya kujaribu tuliipeleka ufukweni Igombe. Nyangeta ndiye angeendesha mashindanoni, maana alikuwa mwepesi na alikulia kwenye mitumbwi, lakini siku ile alikuwa na homa. Nikaenda mimi. Nisikufiche, nilianguka mara nne kabla ya kusimama. Nilipoanguka, kile chombo kilizunguka chenyewe taratibu, duara kwa duara, kama ng'ombe anayemsubiri mchungaji, na wanawake waliokuwa wanaanika dagaa wakanicheka mpaka wakakaa chini. Mara ya tano nikasimama. Nikabinya.

Ee, mwanangu! Mkono ulitaka kung'oka begani. Ziwa likageuka lami. Magugu maji, mawe, mitumbwi, vyote vikapita kama vimefutwa kwa kitambaa, na mlio ule wa nyigu ukawa ndani ya mifupa yangu. Nilikuwa napiga kelele na sijui nasema nini.

Ndipo nikausikia. Ndani ya mlio kulikuwa na mlio mwingine, mdogo, kama kokoto chache kwenye kopo, ndio mlio wa injini inayoungua ndani. Nikazima, kama nilivyoagizwa. Kimya. Nikainua kichwa, nikaona ufuko mzima umesimama unanitazama.

Hapa nikwambie kitu kuhusu sisi tuliokulia upande wa Bujora. Kwetu, makundi mawili ya ngoma hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Hakuna mwamuzi wa filimbi. Watazamaji wenyewe ndio mizani: wakikukimbilia wewe, umeshinda, wakikuhama, umekwisha, hata kama mguu wako ulikuwa sahihi. Nimeona wacheza ngoma wakimeza moto, wakishika chatu, ili tu watu wasihame. Damu hiyo nilikuwa nayo. Na pale ufukweni alikuwapo Azizi, mtoto wa mfanyabiashara wa Mirongo, mwenye pikipiki mpya kuliko zote. Nikasikia sauti yake ikiruka juu ya maji: "Mkokoteni umekufa! Mleteeni ng'ombe auvute!"

Mtumbwi wa kunivuta ulikuwa umeshaanza kuja. Mimi, kuvutwa! Mbele ya watu wote wale!

Nikawasha. Nikarudi polepole, nimesimama, nimeshika usukani kwa mkono mmoja, nikakata kona ya madoido mbele ya wanawake wa dagaa. Walishangilia, wakamhama Azizi wakanikimbilia mimi. Nilijiona nimeshinda tayari. Mzee Magesa alikuwa juu, nyuma ya mawe, anafunga mpira wa petroli. Alisikia kelele za watu zilizofunika injini, hakuona mwendo. Akashuka, akatoa plagi mbili kwa mikono yake. Kahawia safi, ganda la karanga.

"Umeizimia wapi?"

"Kule kule, mzee. Katika kasi ile ile."

Aliniangalia kidogo. "Na mtumbwi?"

"Mkondo ulinisukuma mpaka karibu."

Akaitikia kwa kichwa. Akaniamini. Mwanangu, nimewahi kupigwa na nimewahi kulala na njaa, lakini hakuna kilichoniuma kama kuaminiwa siku ile. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na mimi nilikuwa nimekitembeza changu mbele ya watu wote wa Igombe.

Siku nne zilizobaki nilifanya kazi kama punda ili nisifikiri. Nilipiga rangi, nilisafisha kichujio kinachozuia magugu maji, nilikaza boliti zilizokwishakazwa. Nilijiambia kokoto zile zilikuwa kwenye masikio yangu. Nilijiambia plagi zilikuwa kahawia, si tuliziona? Mtu akitaka kujidanganya, hakosi mashahidi.

Sikukuu ikafika. Igombe ilijaa watu mpaka juu ya majabali. Walikuwepo wauza samaki wa kukaanga, watoto mabegani, muziki kutoka spika mbili zinazogombana. Madumu ya bluu yalikuwa yameelea ziwani kuonyesha njia, na mzunguko ulikuwa wa kurudiwa mara sita. Washindani watano. Wanne walikaa kwenye makochi yao. Nyangeta peke yake alikuwa amepiga magoti kwenye kijukwaa, maji yakimfika kiunoni, amefunga kitambaa kichwani.

Azizi akamwita, "Dada Nyangeta, ukichoka kusimama nitakuachia nafasi nyuma yangu!"

"Nafasi ya nyuma yangu ndiyo utakayoijua wewe leo, kaka," naye akamjibu. Watu wakaangua kicheko.

Kazi yangu ilikuwa kusimama majini na kuushika mkia wa chombo mpaka bendera ishuke. Nyangeta akawasha. Akapandisha mlio. Nikiwa nimeshika mkia, injini yote ilikuwa viganjani mwangu, moyo wake kama moyo wa ndege. Na humo, chini kabisa, nikazihisi tena. Kokoto kwenye kopo.

Nikafikiria chumba chenye kufuli. Nikafikiria mizunguko sita, na makochi yale yakija nyuma yake wakati injini inakamata. Mwamuzi aliinua bendera. Nyangeta akageuka, akanikonyeza kwa furaha, "Nikisema achia, achia kweli, Msukuma wewe!"

Nikanyoosha mkono juu ya bega lake, nikabonyeza kitufe cha kuzimia injini.

Bendera ikashuka. Wanne wakaondoka kwa kishindo, mawimbi yao yakanipiga usoni. Sisi tukabaki kimya katikati ya povu.

"Umefanya nini?" Nyangeta akapiga kelele. "Masalu! Umefanya nini wewe?"

Mzee Magesa alishaingia majini na ovaroli yake. Nikamwambia yote, kwa haraka, kama mtu anayetapika. "Sikuizimia kule, mzee. Nilizima halafu nikawasha tena. Nilirudi polepole kwa sababu ya watu. Nilisikia kokoto tangu siku ile. Hewa imezidi."

Nilisubiri kofi. Hakunipiga. Alifungua kifuniko, akatoa bisibisi mfukoni, akapapasa kwenye kabureta ile skrubu ya mwendo mkubwa, akaizungusha kurudi nyuma ili petroli iongezeke, robo, kisha nusu ya robo nyingine. Akafunga. Akamshika binti yake bega. "Itakuwa nzito kidogo. Lakini itakurudisha. Nenda."

Nikaachia mkia.

Mwanangu, nilichokiona siku ile nakisimulia mpaka leo! Wenzake walishafika dumu la pili. Nyangeta aliondoka kama mtu aliyetukanwa. Makochi yalizunguka madumu kwa upana, kama malori. Yeye alilaza chombo ubavu, goti likigusa maji, akakata kona ndani kabisa, karibu apanguse dumu kwa nywele. Mzunguko wa tatu akampata wa mwisho. Wa tano akampata mwingine, na majabali yote yakasimama. Hata wanawake wa dagaa walikuwa wanapiga masufuria. Azizi alimaliza wa kwanza, mwenzake wa pili, Nyangeta wa tatu, pua ya chombo chake ikiwa karibu kugusa mkia wa yule wa pili. Kama angeanza pamoja nao... Basi, tuliache hilo.

Alipovuka mstari hakupunguza. Aliendelea moja kwa moja kuelekea katikati ya ziwa, mafuta yamebinywa mpaka mwisho, na huko, katika kasi ile ile, akazima.

Ufuko mzima ukalia, "Aaah, imekufa!"

Mzee Magesa akanipa kasia. "Nenda kamlete."

Nilipiga kasia hatua kwa hatua mbele ya umati ule, wakinizomea. "Msukuma, kamba iko wapi?" "Mzike huko huko!" Nilipomfikia, Nyangeta alikuwa ameketi juu ya chombo, ameshika plagi mbili kiganjani. Akaninyooshea. Kahawia. Ganda la karanga, rangi ya kweli, rangi iliyotoka kwenye moto wenyewe. Nikajikuta nacheka, na machozi yananitoka. Nikafunga kamba, nikamvuta mpaka ufukweni, nikizomewa njia nzima, na mwanangu, kuzomewa kule kulikuwa kutamu kuliko kushangiliwa kwangu kote.

Azizi alitungojea majini. Akakishika kile chombo ubavuni. "Huu mkokoteni umenitia kiwewe," alisema. "Mzunguko wa mwisho nilikuwa nageuka nyuma kama mwizi." Kisha akamwuliza Mzee kama anaweza kumfundisha kusoma plagi.

Mzee Magesa aliniita kando, kwenye mawe. Alizungumza taratibu, kama mtu anayekaza boliti bila kutaka kuivunja.

"Kwenye ngoma ya kwenu, watu ndio mizani. Sikatai, ni ngoma nzuri. Lakini injini haioni watu. Wewe ulimwuliza shahidi, ile plagi, habari za njiani, ukaniletea jibu kama ndilo la vitani. Binti yangu angeuawa na jibu lile." Akamtazama Nyangeta kule ufukweni. "Njia ya mwongo ni fupi. Yako leo iliishia kwenye bendera. Ulisimama mwenyewe kabla hujasimamishwa. Hilo nimeliona pia."

Akaingiza mkono mfukoni, akanipa noti zilizolowa. Nauli. Nilizipokea kwa mikono miwili, nikasema asante, nikageuka kwenda kuchukua begi.

"Hesabu," akasema.

"Mzee?"

"Nimesema uhesabu."

Zilikuwa zimezidi.

"Ukerewe kuna mama mmoja ana mtumbwi wa dagaa. Injini yake inaunguza plagi kila wiki na mafundi wote wanamwambia ni nzima. Nenda nayo katikati ya ziwa, zima huko, uniletee hizo plagi. Hiyo ni nauli ya kwenda na kurudi."

Kesho yake nilipanda meli. Nilifika mchana Nansio, mji wa Ukerewe nisioujua, na plagi mpya mbili mfukoni zimefungwa kwenye kitambaa. Nikaingia nyumba ya wageni ya kwanza niliyoiona, yenye kuta za kijani na bata uani. Mama mwenye nyumba akafungua daftari.

"Karibu, baba. Unatoka wapi?"

"Karakana ya Mzee Magesa, Nyakato."

"Unapita au unakaa?"

Nimelala nyumba nyingi za wageni maishani mwangu, na swali hilo lilikuwa halijapata jibu hata mara moja. "Nina kazi ya siku tatu," nikamwambia. "Nikimaliza, narudi nyumbani."

Akanipa ufunguo. Niliporudi Nyakato, nilipewa ule mwingine pia, wa kile chumba chenye kufuli.

Basi, mwanangu, sikukatazi kutembea. Tembea, uliza, fungua kila kifuniko unachokikuta. Dunia ni injini kubwa na hakuna aliyeimaliza. Lakini kazi yako usiipime pale unaposhangiliwa. Ipime pale ilipobanwa kabisa, kisha zima, tazama rangi yake bila woga, hata kama itabidi urudi umevutwa kwa kamba. Na ukiwa umeshadanganya, usingoje pistoni iseme kwa niaba yako. Mficha maradhi kifo humwumbua. Bendera ikiwa bado iko juu, mkono wako ungali na muda wa kufika kwenye kitufe.

Nenda sasa. Mola akupe mwalimu atakayekuuliza umeizimia wapi, akupe na ulimi wa kumjibu. Na popote utakapofika jioni ukiwa na begi begani, Mungu akukutanishe na mlango unaofunguka, na njia ya kurudi.